Nimeleta Noah ya familia kutoka Zambia kupitia Tunduma, naeleza kila kitu kwa mnaofikiria kufanya hivyo

BabaWanneUyole

Wakuu habari za muda huu, wakubwa zangu shikamooni. Nasoma humu kimya kimya muda mrefu na kila baada ya wiki mbili lazima mtu aulize hivi gari za Zambia si ni rahisi, nikichukua Lusaka nikaileta Mbeya si napata unafuu? Mimi nami niliuliza hivohivo na majibu niliyopewa mtaani ndo yalinifanya nitoe hela ambayo sikuipangia. Sasa hivi gari ipo hapa nje Uyole ina namba ya T, kadi ina jina langu, kwaiyo naandika yote kuanzia mwanzo ili mwenzangu asipite palepale nilipopita mimi.

Mimi ni mwalimu, wife anauza nafaka, watoto wanne. Mama yangu yupo Tukuyu, goti lake lilishakataa habari za kubanwa kwenye Coaster, na kila mwezi lazima aje kliniki Mbeya mjini. Nilitaka mlango wa kuteleza na siti za kutosha, basi. Yaani Noah.

Mtoto wa mama mdogo yupo Ndola anafanya kazi, akaniambia kaka huku Noah nzuri unapata kwa hela yenu milioni 13, na hapa Mbeya madalali walikuwa wananiambia 21 mpaka 24 kwa ileile. Nikapiga hesabu kichwani nikaona kuna milioni kama 8 naokoa, ushuru hata ukiwa milioni 3 bado nimepona. Hiyo milioni 3 nilitoa wapi sijui, kuna mtu alinitajia stendi na mi nikaishika.

Nikapanda basi Tunduma nikavuka Nakonde kwa miguu. Kwa ambao hamjawahi fika, pale hata lugha hubadilishi, Wanyamwanga wapo pande zote mbili za mpaka na Kiswahili Nakonde kinaongelewa vizuri tu. Toka pale mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, unapita Isoka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi ambako ndo mwisho wa reli ya TAZARA, alafu Kabwe, ya kule siyo Kabwe yetu ya daladala hapa Mbeya.

Gari nikaiona, imenyooka, rangi ya fedha, ndani safi, muuzaji akasema ni ya 2016. Kadi yake, wao wanaita white book, ina mwaka 2016. Tukaandikishana mkataba, nikalipa, tukaenda polisi kupata hati ya Interpol kwamba gari haijaibiwa, tukamalizana na karatasi za kuitoa nchini kwao, yule dogo wa Ndola akanisindikiza mpaka Nakonde. Mpaka hapo sikuwa na shida yoyote.

Shida ilianzia upande wetu. Wakala wa forodha niliyepewa Tunduma ni kijana mdogo tu, kabla hajagusa kompyuta akafungua mlango wa dereva, akavuta mkanda wa siti akauvuta weeee mpaka mwisho kabisa pale unapogoma, kule chini karibu na sakafu kuna kitambaa kidogo cheupe kimeshonewa, kina maandishi ya Kijapani na mwaka. Akanambia mwalimu njoo usome. Nikainama nikasoma 2013.

Nikasema labda mkanda ulibadilishwa. Akaenda mkanda wa pili, wa tatu, yote 2013. Akafungua boneti akasoma namba ya chesesi, inaanza na ZRR70. Akasema hii haiwezi kuwa 2016 hata wakikuapia, kwasababu Noah za ZRR80 ziliingia sokoni Januari 2014 na za 70 zikaishia hapo. 2016 ni mwaka gari iliposajiliwa Zambia kwa mara ya kwanza, siyo mwaka ilipotoka kiwandani. TRA, yaani mamlaka yetu ya mapato, wao wanaangalia mwaka wa kutengenezwa.

Sasa sikilizeni hesabu maana hapa ndo penyewe. Nazungushia namba ili zieleweke.

Ushuru wa forodha ni 25% ya thamani ya gari. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa kulingana na injini: chini ya cc 1000 hakuna, cc 1000 mpaka 2000 ni 5%, zaidi ya 2000 ni 10%. Noah yangu ni cc 1986 kwaiyo 5%. Alafu kuna ushuru wa uchakavu, gari yenye miaka 8 mpaka 10 ni 15%, ikizidi miaka 10 ni 30%. Alafu VAT 18% inakaa juu ya vyote hivyo. Watu wengi wanajumlisha asilimia tu, wanakosea, ushuru wa bidhaa na wa uchakavu unapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha, alafu VAT inapanda mgongoni kwa vyote.

Kwa gari ya thamani milioni 10 yenye cc kama zangu: ikiwa changa chini ya miaka 8 unalipa kama 5,487,500. Ikiwa ya miaka 8 mpaka 10 unalipa 7,700,000. Ikizidi miaka 10 unalipa 9,912,500. Yaani gari nzee unailipia kodi karibu sawa na thamani yake yote, na hapo sijaweka ada ya forodha, tozo ya reli, wakala, usajili na namba.

Mimi nilikuja mpakani nikijua nina ya miaka 9. Mfumo ulipowekewa 2013 thamani ikashuka kidogo ikawa kama milioni 9 lakini asilimia ya uchakavu ikaruka toka 15 kwenda 30, jumla ikatoka 8,921,250. Na kumbuka kule Lusaka nilishalipa bei ya gari ya 2016, kwaiyo nimeumia huku na huku. Gari ikalala yadi ya forodha siku sita nikihangaika na mkopo wa saccos, mimi nimelala lodge Tunduma, kila asubuhi naenda kuiangalia tu.

Jumla ya yote mpaka nafika Uyole ilizidi milioni 23. Bei ileile ya dalali wa Mwanjelwa. Ulizeni maswali, nitajibu ninachokijua.

Kamwene_Ilula

Kamwene mwalimu. Pole sana na hongera kwa gari. Swali langu, hiyo thamani ya milioni 9 ni ile uliyonunulia au wao wanaitoa wapi? Maana mi nilijua unapeleka risiti yako wanapiga asilimia hapohapo.

BabaWanneUyole

Kamwene mkuu, asante. Hilo ndo kosa langu la kwanza hata kabla ya mwaka. Nilinunua 13 lakini wao hawakuitumia, wana mfumo wao wa kuthaminisha magari yaliyotumika, upo kwenye tovuti ya TRA kabisa, bure, unachagua aina ya gari, modeli, mwaka, nchi inakotoka, mafuta, ukubwa wa injini, inakupa thamani na kodi zote mstari kwa mstari. Ningekaa hapa nyumbani nusu saa na simu yangu ningejua kila kitu kabla sijapanda basi. Na viwango vinaguswa kwenye bajeti kila Julai kwaiyo usitumie hesabu ya jirani aliyeingiza miaka miwili iliyopita, ingiza mwenyewe siku unayotaka kununua.

DerevaMakambako

Mi niseme kitu wakuu maana barabara hii naijua, nimeendesha IT, yaani gari zinazopita tu nchini kwenda nje, miaka mingi toka bandarini Dar. Hizo Noah, Wish, Prado mnazozifuata Lusaka nyingi zilishuka Dar es Salaam, zikapandishwa Kitonga, zikapita Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa, zikapita hapo Uyole mbele ya nyumba ya mwalimu, zikashuka Tunduma zikavuka. Sisi ndo tulizipeleka. Mzambia kazilipia usafiri wote huo, kazilipia ushuru wa kwao, kazitumia, alafu wewe unazifuata kilomita elfu moja unazirudisha. Na ule ushuru aliolipa Zambia hausaidii chochote kwetu, unaanza upya. Unafuu unatokea wapi hapo?

Kama unataka gari ya Japani agiza Japani ishuke Dar ulipie mara moja.

FundiSoweto

DerevaMakambako umeongea vizuri sana.

Mwalimu injini hiyo ni 3ZR-FE au FAE? Soma kwenye kibati. FAE ndo yenye Valvematic, ule mfumo wa Toyota wa kurekebisha vali, ikianza kusumbua ile kontrola yake utajua hujui. Na gia boksi ni CVT, otomatiki isiyo na hatua za gia, tafadhali weka oili ya CVT yenyewe, kuna watu hapa mjini wanamimina ATF, oili ya gia otomatiki ya kawaida, gari inatembea miezi mitatu ukipandisha Mlima Nyoka na abiria inaanza kuteleza. Kwa milima yetu hii usichelewe kubadilisha.

BabaWanneUyole

Ni FAE fundi. Nitakutafuta.

NesiMrejea

Habari kaka. Nimesoma yote nikaona kuna kitu hakijaguswa na kitasaidia watu wanaoishi nje. Mimi nimefanya kazi Lusaka zaidi ya miaka mitatu, nimerudi nyumbani Iringa na gari yangu, ushuru wa forodha sikulipa. Siyo ujanja, ipo kwenye sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, mtu anayehamisha makazi kurudi nyumbani anaruhusiwa gari moja ambayo ni yake na ameitumia yeye mwenyewe huko nje angalau miezi 12. Isiwe basi dogo la abiria zaidi ya 13 na isiwe ya kubeba mzigo zaidi ya tani mbili.

Ila uthibitisho wanauangalia kwelikweli. Mimi nilikuwa na kibali cha kazi, mkataba wa kazi na barua ya kumaliza mkataba, white book yenye jina langu toka mwanzo, bima za miaka yote, na pasipoti ina mihuri inayoonyesha nilikuwa naishi kule. Barua ya kuomba nilipeleka mapema kabla gari haijafika mpakani, sikusubiri nifike nianze kubembeleza dirishani. Kuna dada tulikuwa nae alinunua gari miezi minne kabla ya kurudi akidhani itapita, haikupita, akalipa yote.

Kwaiyo kama una ndugu yupo Zambia au Malawi anajua atarudi, mwambie anunue mapema na aandikishe kwa jina lake, siyo la mumewe wala la kaka yake.

BabaWanneUyole

Dada ubarikiwe sana, hili sikulijua kabisa. Ngoja nimtumie dogo wa Ndola huu uzi asome yeye mwenyewe.

MjasiriaTunduma

Mbona mnajitesa. Sisi tupo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Zambia SADC, bidhaa zinapita bila ushuru. Au chukua COMESA, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika.

DerevaMakambako

Mkuu utawaingiza watu shimoni. Nafuu ya SADC ni kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya nchi za SADC na ina cheti cha uasilia. Noah imetengenezwa Japani, kukaa Lusaka miaka mingi hakuigeuzi kuwa ya Zambia. Na COMESA Tanzania ilijitoa toka 2000, ila bado tunashiriki ile kadi ya njano, bima ya gari inayovuka mipaka. Ambayo by the way nayo ni ya lazima kuiulizia, bima ya kawaida ya Zambia ikifika kwenye geti imekwisha kazi yake, ukigonga mtu Vwawa bila kadi ya njano ni yako.

BintiKyela

Na upande wa Kasumulu kwa Malawi vipi? Kuna Sienta nimeona Karonga ni karibu kabisa, naenda asubuhi narudi jioni.

BabaWanneUyole

Hesabu ni zilezile mdogo wangu, kodi haijali umevukia Tunduma au Kasumulu. Faida yako ni nauli tu na kwamba unaweza kwenda kuikagua mara mbili tatu kabla hujatoa hela. Sienta ina cc chini ya 1500 kwaiyo upo kwenye 5% kama mimi. Nenda kavute mikanda yote ya siti, ya mbele na ya nyuma, usome kitambaa. Piga picha namba ya chesesi, rudi nyumbani kaa na kikokotoo cha TRA ukiwa umetulia. Muuzaji akikataa usipige picha chesesi, usiendelee naye.

MzeeVwawa

Vijana, niwaongezee moja. Hapa kwetu kuanzia Tunduma, Mpemba, mpaka Mlowo, mtafuatwa na watu wanaosema kuna gari ya IT, mwenyewe kakwama, haitavuka tena, chukua kwa milioni 7 karatasi tutatengeneza. Nimemwona mtoto wa jirani yangu akichukua. Alitembea nayo miezi minne, akaja kukamatwa njiani, gari ikachukuliwa na hela haikurudi, na kesi juu. Ile gari kwenye mfumo inasomeka imeingia Dar kwenda Zambia, haijatoka na haijalipiwa, kwaiyo siku yoyote askari akiingiza chesesi umekwisha. Alikuwa amefunga hata namba za mtu mwingine. Kijana alikuwa anajenga, nyumba ipo kwenye lenta mpaka leo.

BabaWanneUyole

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli, hata mimi nikiwa nimekwama yadi nilifuatwa mara mbili na watu wa namna hiyo, mmoja akanambia achana na hiyo nikupe nyingine. Nilikuwa nimechoka na nilikaribia kumsikiliza, nasema ukweli.

Mdau_Mafinga

Vipi mtu akiamua kubaki na namba za Zambia? Naziona nyingi tu zinatembea mjini Mbeya.

NesiMrejea

Zile ni za wageni wenye kibali cha muda, anaingia, anafanya shughuli, anatoka nayo. Wewe mkazi wa Mafinga mwenye kitambulisho cha Taifa unaiendesha kwa kibali gani? Usifanye hivo kaka, na usikubali pia mtu akuazime ya kwake yenye namba za kule uitumie miezi na miezi.

Kamwene_Ilula

Mwalimu sasa tuambie kwa uzoefu wako, mtu akiwa na milioni 20 ya gari ya familia afanyeje? Na wewe ungefanyeje?

BabaWanneUyole

Ningefanya hivi. Kwanza ningeanza na kikokotoo, siyo na gari. Ningeingiza Noah ya miaka 7, ya miaka 9 na ya miaka 12 nione jumla ya bei na kodi, siyo bei peke yake. Changa inaonekana ghali kununua lakini kodi yake nyepesi, na unakaa nayo muda mrefu kabla haijaanza kukudai spea. Kama milioni 20 haifiki kwa Noah changa ningeshuka kwenye Sienta au Wish badala ya kung'ang'ania Noah nzee, maana watoto wangu wanne na mama wanaingia kwenye Sienta yenye siti saba, nimepima.

Pili ningetafuta hapahapa Mbeya kwa mtu anayeuza yake yenye kadi yenye jina lake, tena ningeenda nayo kwa fundi kama FundiSoweto kabla ya kulipa, na ningehakiki kadi TRA kwamba haina deni na jina ndo lenyewe. Kule Lusaka hilo sikuliweza, ningempata wapi fundi ninayemwamini, niliizunguka gari mara tatu nikapiga teke tairi nikaona inatosha.

Zambia ningeenda tu kama ni gari ya dogo mwenyewe, ameitumia mwaka na anahama kurudi.

Na hela. Sikusema kuhusu hela. Nilibadilisha shilingi kwenda kwacha kwa vijana wa barabarani pale mpakani kwasababu bei yao ilikuwa nzuri kidogo kuliko dirishani. Kule mbele nikakuta noti mbili ambazo muuzaji alizikataa. Siyo nyingi, lakini kwenye hali ile kila elfu ilikuwa inauma. Tumieni benki au maduka yenye leseni.

FundiSoweto

Gari nimeiona leo wakuu, mwalimu kaileta. Injini nzima haivuji popote, oili ya CVT ilikuwa nyeusi tumemwaga tumeweka mpya, bushi za mbele zimeisha kulia na kushoto, tairi za nyuma zibadilishwe kabla ya masika. Kwa 2013 ipo vizuri. Ingekuwa ya 2016 ningesema imechoka.

BintiKyela

Nimerudi Karonga jana. Nimevuta mikanda kama ulivosema, ya mbele inasoma 2015 ya nyuma 2015, chesesi nimepiga picha, muuzaji alikuwa ananishangaa tu. Kwenye kikokotoo imetoka kubwa kuliko hela niliyonayo kwaiyo nimeacha, narudi kukusanya. Asante sana kaka, ningekuwa nimeshatoa malipo ya awali.

Mama amepanda lakini?

BabaWanneUyole

Amepanda dada. Jumapili nilimfuata Tukuyu, mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yao. Mlango ukateleza, nikamwekea kigoda cha jikoni chini, akakanyaga, akashika ule mpini wa pembeni akaingia mwenyewe bila kushikwa, akakaa siti ya katikati mguu ameunyoosha. Kliniki ni Alhamisi, nitamfuata Jumatano jioni nikitoka shule.

Tairi za nyuma nimeshazinunua fundi, nakuja nazo Jumamosi.